Ukuta wa Chokaa Mbichi

Nyinyi vijana mnaochora kwa kidole juu ya kioo cha simu, na mkikosea mnabonyeza mahali na kosa linatoweka, hebu niazimeni masikio. Mimi naitwa Kananu. Nimeshika brashi miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya walimu wenu. Nilianzia Nkubu, nikazunguka Meru, nikateremka Chuka mpaka Embu, na sasa nimestaafu. Naishi na binti yangu hapa mtaa wa Majimbo, na kazi yangu siku hizi ni kunywa chai na kukosoa mabango ya barabarani. Mjukuu wangu Makena anasomea mambo ya michoro ya kompyuta, na ndiye aliyenisukuma. "Shosho, andika hizo stori zako," aliniambia. "Wenzangu wanadhani kazi ya rangi ilianza na printa."

Basi naandika, na naandika kwa mkono wa kushoto. Naanza na huo kwa sababu ndio ulionipa kazi. Shuleni mwalimu aliufunga kwa kitambaa ili nijifunze kutumia wa kulia, na nyumbani mama alinikumbusha kila siku kwamba mtu mzima hapewi kitu kwa kushoto. Nilikua nikiuficha. Nilipoajiriwa kufagia karakana ya misheni, nilikuwa nachora kwa chaki kwenye vipande vya mbao wakati mafundi wameenda kula, na nikisikia mtu anakuja natia mkono nyuma kama mwizi.

Siku moja aliyekuja alikuwa Bruda, mtawa aliyesimamia karakana. Huyu alikuwa Mwitaliano mfupi mwenye ndevu, aliyekaa Meru muda mrefu hata Kimeru chake kikawa kizuri kuliko Kiswahili chake. Alikuwa fundi wa kila kitu. Alichora watakatifu, aliunda vitanda vya hospitali, na alikuwa ametega pampu mtoni iliyopandisha maji hadi misheni bila petroli wala stima, maji yenyewe yakijisukuma. Akatazama mbao, akanitazama mimi.

"Mkono uko wapi?" akauliza.

"Huu hapa, Bruda," nikasema, nikitoa wa kulia.

"Huo hapana. Ule wenye chaki."

Nilitoa wa kushoto nikingoja kofi. Yeye akaenda chumbani kwake akarudi na kitabu kikubwa cha michoro, kizito kama jiwe la kusagia. Akanionyesha mabawa, magurudumu, mikono, nyuso za wazee, maji yanayozunguka. "Mtu aliyefanya hii yote," akasema, "alifanya na kushoto."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na mtu ambaye nimeishi naye maisha yangu yote. Alikuwa mchoraji na mvumbuzi wa Italia, wa miaka kama mia tano iliyopita. Jina lake mnalijua, limo hata kwenye vitabu vyenu, lakini Bruda alimwita Maestro, yaani fundi mkuu, na mimi siwezi kumwita kwa jina lingine. Alizaliwa kijijini milimani, mama yake hakuolewa na baba yake, na hakusomeshwa sana. Walimpeleka kwenye karakana ya fundi mmoja wa mjini, akafagia na kusaga rangi kama mimi. Niliposikia hapo kwamba alifagia, nilimpenda papo hapo.

Alikuwa akinunua ndege waliofungiwa sokoni na kuwaachilia, ili aone bawa linavyofunguka. Aliandika daftari kwa daftari, mistari ikitoka kulia kwenda kushoto, usome kwa kioo. Alipomwandikia mtawala mmoja kuomba kazi alieleza madaraja anayoweza kujenga, silaha anazoweza kubuni, mifereji ya maji, na mwisho kabisa akasema ah, na kuchora pia naweza. Nilimsimulia Makena hiyo akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Shosho, huyo CV yake iko juu chini!" Lakini mimi naielewa. Kwa Maestro hakukuwa na ukuta kati ya kuchora na kutengeneza. Jicho lilikuwa moja.

Bruda alinifundisha hivyo hivyo. Kabla hajanipa brashi alinipa daftari dogo la kufunga kiunoni kwa kamba, na kila jioni kabla sijaenda nyumbani aliuliza, "Leo umeona nini?" Ukisema hujaona kitu, kesho yake unafagia tu. Kwa hiyo nilijifunza kuona. Niliandika jinsi maji ya mto yanavyojikunja nyuma ya jiwe, jinsi mwanamke aliyebeba kuni anavyotanguliza kidevu, jinsi vidole vya mchuma kahawa vinavyojua tunda bivu bila macho kutazama. Daftari hizo ninazo bado, zinajaza sanduku zima.

Msidhani basi kwamba nilikuwa mwerevu tangu mwanzo. Kazi yangu ya kwanza nje ya misheni ilikuwa bucha pale Majengo, Meru mjini. Mwenye bucha, Bwana Salim, alitaka ng'ombe ukutani. Nilimchorea ng'ombe wa kupendeza sana, wa madoa meusi na meupe, macho makubwa, amenona. Nikashuka kwenye ngazi nikingoja sifa. Bwana Salim akashika kiuno.

"Dada Kananu, huyu ng'ombe ana nini hapa chini?"

"Kiwele," nikasema.

"Kiwele! Huyu ni wa maziwa. Gredi kabisa! Wewe unataka watu waseme Salim anachinja ng'ombe za maziwa za watu? Kesho asubuhi mtu atakuja hapa na chifu kuuliza ya kwake iko wapi."

Na ni kweli. Kwetu ng'ombe wa gredi, yule wa kizungu wa maziwa mengi, ana jina, na akipotea kijiji kizima hutoka kumtafuta. Nilipaka kiwele rangi nyeupe, ng'ombe akawa fahali mwenye nyonga za mama mzazi. Bwana Salim alinihurumia akasema nifike machinjioni nione fahali ameumbwaje. Nilienda na daftari langu, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naye akanifungulia shingo, bega, paja, akinionyesha msuli unaoanzia hapa na kuishia pale. Bruda aliposikia alifurahi kupita kiasi. Akaniambia Maestro alipasua maiti za watu apate kujua mkono unafungwaje na bega, na watu walimsema vibaya. Mimi mwalimu wangu wa mwili alikuwa mchinjaji wa Majengo mwenye subira, na tangu siku hiyo sijawahi kuchora bega bila kujua kilicho chini ya ngozi.

Sasa niwaambie habari ya ukuta, maana ndiyo niliyokalia hapa kuandika.

Juu ya Nkubu, karibu na msitu, kuna kanisa la mawe. Ukungu hulifikia kila alasiri, na miezi ya baridi hauondoki kabisa. Fadha wa kanisa hilo alitaka Karamu ya Mwisho ichorwe ukutani nyuma ya altare, Yesu na mitume kumi na wawili, kabla Askofu hajaja kutoa kipaimara mwezi wa Desemba. Kazi ilikuwa ya Bruda. Lakini Bruda aliugua moyo, akalazwa hospitali ya misheni pale Nkubu, na kutoka kitandani akatuma neno: Kananu ataifanya.

Kamati ya kanisa ikakutana. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Mbaabu, mkulima wa kahawa, mtu mkavu, mkweli, asiyejua kuzungusha maneno. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Hii ukuta iko na futi ngapi kwenda juu?" akamuuliza Fadha.

"Kama kumi na nane."

"Basi haiwezekani. Mwanamke hapandi juu ya vichwa ya wazee. Kwetu hata mti hapandi. Kama ni kuanguka, aanguke kwa nyumba yake."

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Fadha alibembeleza, na mwishowe Mzee Mbaabu akalegea nusu. Ningepanda wakati kanisa halina mzee hata mmoja ndani. Akaongeza sharti mbele ya wote: "Ikikataa, hakuna mwanamke atashika ngazi hapa tena. Na wewe, msichana wa Bruda, utarudi kuchuma kahawa kama wenzako." Msichana, na mimi nina mtoto mgongoni! Lakini nilikubali. Nilijua alichokiweka mezani. Mtu wa Nkubu akisikia nimeshindwa kanisani, nani angenipa hata mlango wa choo nipake?

Kwa hiyo nilitaka kila kitu kiwe cha kisasa. Nilikodi fundi mwashi, mwanaume, akapiga plasta ya simiti laini. Plasta ilikuwa bado inatoa jasho, na mimi nina haraka ya kuwaonyesha wazee, nikaazima majiko ya makaa kwenye hoteli tatu za Nkubu, nikayapanga chini ya ukuta siku nne mchana kutwa. Ndivyo kwetu juu tunavyokausha mahindi wakati wa ukungu, karibu na moto. Ukuta ukawa mkavu mkononi. Nikapaka rangi ya mafuta ya kwanza, nikakwaruza kwa msasa, nikapaka ya pili, ukang'aa. Juu yake nikachora kwa utulivu, nikirudia uso mmoja hata mara tano, kwa maana rangi ya mafuta inakungoja. Nilimaliza mwezi wa Machi. Nikawaita watu waone, wakapiga vigelegele.

Mvua za Aprili zikaja. Jumapili moja baada ya misa Mzee Mbaabu alinisimamisha. Akapanda vidato vya altare, akaweka kidole gumba kwenye shavu la Mtume Petro na kusukuma kidogo tu. Shavu likatoka zima, kubwa kama chapati, likaanguka sakafuni. Nyuma yake maji yakateremka.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua lile ganda akanipa mkononi, akasema, "Nilisema."

Nilitembea kutoka pale hadi hospitalini kwa miguu, na shavu la Petro kwenye leso. Nilikuwa na aibu ambayo sijapata kuwa nayo tena. Bruda alikuwa ameegemea mito, amekonda, macho yale yale. Nikaweka lile ganda kitandani na kumwambia yote, mpaka majiko. Alisikiliza. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi sista wa zamu akaja kuchungulia.

"Unacheka nini, Bruda? Nimekwisha."

"Nacheka kwa sababu mimi nilikusimulia habari za Maestro miaka yote hii, na wewe umesikiliza utamu tu. Uchungu uliuacha."

Akanieleza upya, na safari hii nilisikiliza yote. Maestro aliombwa na watawa achore karamu hii hii kwenye ukuta wa chumba chao cha kulia chakula. Njia ya mafundi wa wakati ule ilikuwa kuchora juu ya chokaa mbichi, chokaa ikikauka inameza rangi na ukuta na picha vinakuwa kitu kimoja. Lakini chokaa mbichi haimngoji mtu, lazima umalize kipande cha leo leo. Maestro hakupenda kuharakishwa. Siku nyingine alisimama mbele ya ukuta toka asubuhi bila kugusa brashi, siku nyingine alikuja akaongeza mchirizi mmoja akaenda zake. Kwa hiyo alibuni njia yake, akachora juu ya ukuta mkavu. Ilikuwa picha ya ajabu, watu walikuja kutoka mbali. Na kabla hajafa, ilikuwa imeanza kubanduka. Baadaye watawa wenyewe wakatoboa mlango pale chini, miguu ya Yesu ikaenda na mawe.

"Na mara nyingine," Bruda akaendelea, akifuta machozi ya kicheko, "alichora vita kwenye ukuta mkubwa sana, rangi haikauki, akaleta moto. Moto! Rangi ikateremka kama nta. Wewe na majiko yako."

"Kwa hiyo nimekosea kama Maestro," nikasema.

"Mara mbili. Ni watu wachache wanaweza kusema hivyo."

Hapo nikacheka na mimi, ingawa nilikuwa nalia. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Nyumba ya mama yako. Ukuta ulikandikwa na nani?"

"Mama mwenyewe."

"Mvua imeubandua?"

"Haujabanduka. Kila mwaka anaupaka upya udongo mwembamba ukiwa bado una unyevu, unashikana."

"Sasa kwa nini ulimwita mtu wa simiti?"

Jibu lilikuwa aibu. Kwetu mwanaume husimamisha nguzo na kuezeka. Kukandika ukuta ni kazi ya mwanamke. Mimi nilikuwa nimekimbia matope ya mama ili niitwe fundi. Nilidhani ufundi uko kwenye mfuko wa simiti na mwanaume mwenye mwiko wa chuma. Na mikono iliyojua ukuta wa nchi ile, ukungu wake na mvua yake, ilikuwa imekaa nyumbani inamenya maharagwe.

Nilirudi kwa kamati. Fadha alikuwa amewaomba wanipe nafasi ya pili, na Mzee Mbaabu alikuwa ameweka ndoo ya chokaa nyeupe na ufagio karibu na altare, tayari kufuta. Alinipa mpaka kipaimara. "Ikikataa mara ya pili nitapaka mimi mwenyewe," akasema, "na hiyo maneno ya wanawake na ngazi itaisha."

Nikamwambia kwa adabu, lakini nilisema, "Mzee, ukuta tangu zamani ni wa mwanamke. Yenu ni paa."

Sidhani kuna mtu alikuwa amewahi kumjibu kwa mila yake mwenyewe.

Vijana, sikilizeni sasa, hapa kuna kazi. Tulibomoa plasta yote ya simiti mpaka mawe yakabaki uchi. Nikachimba shimo nyuma ya kanisa, nikamimina chokaa ya mawe na maji, ikachemka yenyewe kama sufuria ya mukimo, kile chakula chetu cha viazi na mahindi, nikaifunika kwa majani ya migomba na udongo. Kisha nikaiacha. Mei, Juni, Julai, Agosti. Chokaa changa inauma na kupasuka; iliyolala inakuwa laini kama siagi. Watu walipita wakisema Kananu amezika ukuta. Nilikuwa sina la kuwaonyesha, na hiyo miezi minne ilinifundisha subira kuliko miaka yote ya misheni.

Huku nikitafuta rangi. Rangi nyingi za dukani huliwa na chokaa. Udongo hauliwi. Nilipata nyekundu kwenye kingo za barabara, manjano kando ya mto, kahawia nilipanda nayo kutoka upande wa Mbeere, na nyeusi niliikwangua kwenye paa za jikoni kwa watu, masizi safi ya miaka. Nikazisaga, nikazichuja kwa soksi ya nailoni. Kwa kupanda nilijiundia kiti cha kuning'inia, kamba ya katani ikipita kwenye rimu mbili za baiskeli, hivi kwamba niliweza kujivuta juu na kujishusha bila kumwita mtu. Nilimchorea Bruda kile kiti kwenye daftari. Alikitazama muda mrefu, akaongeza pini moja ya usalama, na akaandika chini yake "Vizuri". Hakuwa mtu wa kutoa neno hilo ovyo.

Septemba nikamwendea mama. Nilimwambia, "Mama, nilikosea. Njoo unikandikie kanisa." Alikuja na wanawake wanne wa jumuiya yake, kila mmoja na ndoo. Alfajiri, wakishakamua, walipanda kwa kile kiti kwa zamu, wakapaka chokaa na mchanga wa mtoni kwa viganja, kipande cha leso moja kila siku, si zaidi. Tulikuwa tunatandaza leso yenyewe ukutani kupima. Mama alikuwa akibonyeza kwa gumba na kusikiliza, kweli anasikiliza, halafu anasema, "Bado," au anasema, "Sasa." Akisema sasa, nina mpaka jioni. Hakuna kufuta. Kosa la saa nne utalala nalo maisha yako yote, labda ukitwange kipande chote kesho ukianze upya.

Na ule ukungu uliokuwa umeniua kwa rangi ya mafuta ukageuka rafiki. Chokaa hupenda unyevu, hukauka polepole na kushika. Nilichora nikiona rangi inazama, asubuhi ni nyeusi ya kutisha, wiki ya pili inang'aa kutoka ndani. Niliogopa kila siku na nilifurahi kila siku, na sijui kama katika maisha yangu nimewahi kuwa hai kama miezi ile.

Nyuso nilizitoa sokoni Nkubu, kama Maestro alivyozunguka mitaani akifuata mtu mwenye pua nzuri. Andrea ni muuza viazi. Yohana ni dereva mmoja aliyekuwa na kope ndefu na alijua. Tomaso ana vidole sita mkono wa kulia kwa sababu jua lilikuwa linazama na nilihesabu vibaya, nendeni mkahesabu. Shida ilikuwa Yuda. Nani kwetu atakubali ukoo wake uitwe ukoo wa Yuda mpaka wajukuu? Hata ukibuni uso, mtu ataona unafanana na shemeji yake. Nikampa mgongo. Amekaa upande wa pili wa meza, anatuonyesha koti tu. Na bado wanabishana ni mgongo wa nani.

Kipande cha Petro nilikifanya mara mbili. Cha kwanza nilikitwanga, na kabla sijakitupa nikachukua pande lake moja, la ukubwa wa kiganja, nikampelekea Bruda. Hakuweza kukaa tena. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua, akatazama kidole. Kilikuwa safi. Akasugua tena kwa nguvu iliyobaki. Akasema kwa Kimeru, polepole, kwamba Maestro angeupenda mkono wa mama yangu. Alikufa wiki tatu kabla ya kipaimara na hakuuona ukuta. Hilo linaniuma hadi leo, na sitawadanganya kwamba limeacha.

Siku chache kabla ya Askofu kufika, kamati ilikuja kukagua. Mama na wale wanawake wanne walisimama mlangoni, chokaa imewakatakata viganja. Ile ndoo ya chokaa nyeupe na ufagio vilikuwa palepale karibu na altare. Mzee Mbaabu hakusalimia. Alitoa kitambaa mfukoni, akakichovya kwenye ndoo ya maji, akasugua shavu la Petro, akatazama kitambaa. Akasugua mkono wa Tomaso. Akatumia gumba, akatumia ukucha. Akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole na kuuegemezea sikio, kama mama alivyokuwa akifanya. Mimi niliomba sala ambayo sitaiandika hapa.

Akageuka, akavua kofia. Hakunitazama mimi. Alitazama ukuta wa pembeni, mrefu, mtupu, toka mlangoni mpaka kwenye mimbari.

"Na hii ingine imekaa uchi kwa nini?" akauliza.

"Sijaambiwa nipande, mzee," nikasema.

Alimpa katibu bakora yake ashike. Akaenda kwenye kona, akachukua ngazi ndefu ya mbao ya kubadilishia taa, akaiburuta mwenyewe sakafuni, wanakamati wakimpisha, akaisimamisha kwenye ule ukuta mtupu. Akaweka mguu wake mmoja kwenye kidato cha chini na kushika nguzo zote mbili.

"Panda uipime, fundi," akasema. "Mimi nimeshika."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa analia. Nikakaza leso kiunoni, nikapanda, vijana wangu, kidato kwa kidato mpaka cha juu kabisa, na kichwa cha Mzee Mbaabu kikawa chini ya viatu vyangu, na ngazi haikutikisika.